Barghash: Sultani Mwenye Alikaribisha Waya Zanzibar, Halafu Waya Ukamgeuka

Ukiinua macho pale Mbotela leo utaona nyaya nyeusi zimepita juu ya mabati kama kamba za kuanika nguo. Msee wa waifai amefunga mmoja kwa nguzo, mwingine umeingia kwa dirisha la keja, na kila mwisho wa mwezi unatoa doh ndio video zisikwame. Ni wachache sana huuliza huo waya umetoka wapi. Umetoka baharini, bro. Na kabla ya hizi nyaya za siku hizi, kulikuwa na waya wa kwanza kabisa kutua huku Afrika Mashariki. Uliingia kwa ruhusa ya mtu mmoja: Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, mwenye alidedi 1888, miaka kumi na moja kabla reli ifike hapa kwenye kinamasi wakaita Nairobi.

Huyu buda tunafunzwa shuleni kwa mistari miwili tu. Alijenga majumba, akafunga soko la watumwa, basi. Lakini kuna upande mwingine wa Barghash wenye vijana wa saa hii mngeuelewa haraka. Alikuwa mtu wa teknolojia. Kitu kipya kikitokea duniani, yeye alikuwa anakitaka jana. Akanunua meli, akavuta maji ya mfereji, akaleta mtambo wa kuchapisha vitabu. Kitu kimoja tu hakukinunua. Alikikaribisha kikae kwake huku kikiwa cha wenyewe. Na hicho kimoja ndicho kilikuja kuongea juu yake akiwa hasikii.

MTOTO WA SONKO

Barghash alizaliwa kama 1837. Mbuyu wake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, yule mwenye alihamisha makao yake kutoka Muscat akaja kuishi Zanzibar. Mathe wake alikuwa surie kutoka Uhabeshi. Familia ilikuwa kubwa kushinda mbogi yoyote unayoijua: Said alipofariki aliacha watoto zaidi ya thelathini wakiwa hai, kila mmoja na mama yake, na kila kijana akijiona anaweza kukalia kiti.

Ganji yao ilitoka wapi? Karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa, hizo wengi wanazijua. Lakini kulikuwa na mzigo mwingine wenye siku hizi hauongelewi: sandarusi.

Sandarusi ni utomvu wa mti unaoitwa msandarusi, unaomea huku pwani. Utomvu ukishuka chini, ukazikwa kwa udongo miaka mingi sana, unakuwa mgumu, unang'aa kama kioo cha rangi ya asali. Watu wa bara, upande wa Bagamoyo na Rufiji, walikuwa wanauchimba kwa majembe kama viazi. Ule wa kuchimbwa ndio ulikuwa na bei, juu ya ugumu wake. Unafikishwa Zanzibar, unalipiwa ushuru forodhani, kisha unaabiri hadi Salem, Massachusetts, Marekani, na Ulaya pia.

Huko walikuwa wanaufanyia nini? Vanishi. Wanauyeyusha kwa moto mkali, wanachanganya na mafuta ya kitani na tapentaini, halafu wanapaka magari ya farasi, fanicha na mabehewa ya treni. Mbao haziingizi maji, hazikwaruziki ovyo, na zinawaka kama kiatu kimepigwa rangi na msee wa pale stage. Sandarusi ya Zanzibar ilikuwa kati ya zile bora kabisa duniani kwa hiyo kazi. Kwa hivyo tajiri wa Boston akipanda gari lake linang'aa, kuna uwezekano mng'aro wake ulichimbwa na mtu wa Rufiji. Na kitambaa cha pamba chenye Wamarekani walileta kulipia huo mzigo bado tunakiita merikani mpaka leo.

Usidhani watu wa huku walikuwa wanachimba tu bila kujua maana. Mabaharia wa pwani walikuwa na sayansi yao ya kupaka. Chini ya jahazi walipaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta, ndio wale minyoo wa baharini wanaotoboa mbao wasiingie. Juu walipaka sifa, yale mafuta ya papa yenye harufu ya kukutoa machozi. Mtu wa bahari anajua kitu kimoja: maji ya chumvi hayana haraka, lakini usipokifunika chombo, yatakimaliza. Shika hiyo point, tutaihitaji tukifika kwa waya.

MAPINDUZI YALIYOANDIKWA NA SIZ

Oktoba 1856 Seyyid Said alifia baharini akirudi kutoka Oman. Barghash, kijana wa miaka kama kumi na tisa, alikuwa naye ndani ya meli. Alipofika Zanzibar na maiti alijaribu kushika mamlaka kabla habari isambae. Haikuwezekana. Brathe wake Majid akawa Sultani.

Barghash hakutulia. Mwaka wa 1859 akapanga mapinduzi, na hapa ndio anaingia siz yake mdogo, Salme. Salme alikuwa amejifunza kuandika kisiri, wakati wasichana wa jumba la kifalme walifunzwa kusoma tu. Kwa hivyo wale wakubwa wakamfanya karani wa mpango mzima. Barua za kuitisha silaha na watu zilipita mikononi mwake, na yeye alikuwa na miaka kama kumi na tano.

Mpango ukachomeka. Majid akazingira nyumba ya Barghash, yeye akatoroka akiwa amevalishwa nguo za kike, akakimbilia shambani kwenye walikuwa wamejipanga kupigana. Waingereza wakaingia upande wa Majid na askari wao wa meli. Barghash akasalimu amri, akapelekwa Bombay, India, akakaa huko uhamishoni kama miaka miwili.

Wengi wangeona hiyo ni jela. Lakini Bombay ya wakati huo ilikuwa mji unaochemka. Treni zilikuwa zimeanza 1853, na nyaya za telegrafu zilikuwa zinaenea India nzima. Kijana wa Zanzibar alijionea kwa macho yake vile mji mkubwa unaendeshwa: habari inakimbia, mzigo unakimbia, serikali inajua leo kitu kimetokea leo. Akarudi nyumbani akiwa mpole, akangoja. Majid alifariki Oktoba 1870, na kiti kikawa chake.

DHORUBA NA MGENI KUTOKA LONDON

Hakupewa hata muda wa kuchill. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Zanzibar. Mikarafuu ya Unguja ikang'oka kwa wingi, na meli za Sultani zikavunjika bandarini. Ganji ikayeyuka kwa siku moja.

Januari 1873, akiwa bado anahesabu hasara, akaletewa mgeni: Sir Bartle Frere, ametumwa na serikali ya Uingereza amwambie afunge biashara ya watumwa baharini. Barghash akakataa. Kwa hesabu yake, baada ya kimbunga hiyo ndiyo ilikuwa imebaki. Tuseme ukweli bila kupaka vanishi: alikuwa anatetea biashara ya kuuza watu, na huwezi kuisifia hata ukimpenda vipi. Frere akaondoka mikono mitupu. Miezi michache baadaye balozi John Kirk akamweleza kwamba meli za kivita zitafunga bandari yake asipokubali. Tarehe 5 Juni 1873 akatia sahihi. Soko la watumwa la Zanzibar likafungwa, na pale pale likajengwa kanisa kuu la Anglikana, bado limesimama.

Hii sehemu inakuhusu wewe wa Eastlands. Baada ya mkataba, watumwa waliokombolewa kutoka kwa majahazi walitafutiwa makao. Mwaka wa 1875 wamisionari wakaanzisha kijiji chao Mombasa, wakakiita Frere Town, kwa jina la yule yule mgeni wa Barghash. Kati ya familia zilizoanzia hapo ni ya Mbotela. Ndiyo hiyo ilimtoa James Mbotela, mwandishi wa kitabu cha Uhuru wa Watumwa. Ndiyo ilimtoa Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU mwenye aliuawa Nairobi Novemba 1952, na mtaa ukapewa jina lake. Ndiyo ilimtoa Leonard Mambo Mbotela, ile sauti ya redio yenye wazazi wako wanaijua hata wakiwa wamelala. Kwa hivyo ukisema unatoka Mbotela, unataja jina lililofika huku likipitia kwa mlango ambao Barghash alilazimishwa kuufungua.

ANAENDA MAJUU, ANARUDI NA ORODHA

Mwaka wa 1875 Barghash alialikwa Uingereza. Akakutana na Malkia Victoria, akazungushwa miji ya viwanda kama Manchester na Liverpool, akapitia Paris na Misri. Alirudi akiwa na orodha ndefu kichwani.

Aliagiza meli Uskoti, ikaitwa Glasgow, ikajengwa kuchukua nafasi ya zile zilizoliwa na kimbunga. Akanunua meli za moshi za kubeba abiria na mizigo hadi Bombay. Akavuta maji safi kutoka chemchemi hadi mjini, watu wakaacha kutegemea visima vilivyochafuka. Akaleta mtambo wa kuchapisha vitabu. Mwaka wa 1883 akasimamisha Beit al-Ajaib, jumba lenye nguzo za chuma na roshani pande zote. Jumba likaja kuwa na taa za umeme, kitu ambacho watu walikuwa wanasimama nje wakikodolea macho. Ndio maana likaitwa Jumba la Maajabu.

Lakini shida moja ilibaki: habari. Zanzibar iliishi kwa upepo. Kaskazi ikivuma majahazi yanakuja kutoka Arabuni na India, kusi ikivuma yanarudi. Kuanzia 1872 kulikuwa na meli ya barua kila mwezi kutoka Aden, lakini ukiandika swali leo, jibu la London lilichukua wiki na wiki. Aden yenyewe ilikuwa imeunganishwa na Ulaya na India kwa waya tangu 1870. Zanzibar ilikuwa nje ya mtandao.

1879: WAYA UNATUA

Kilichofanya waya uje haraka si Zanzibar. Ni vita. Tarehe 22 Januari 1879 jeshi la Wazulu liliwachapa Waingereza vibaya sana pale Isandlwana, Afrika Kusini. Habari ilifika London tarehe 11 Februari, siku ishirini baadaye, juu ilibidi isafiri na meli kwanza hadi pahali pa kwanza penye waya. Serikali ya Uingereza ikashtuka. Pesa za waya wa kushuka pwani yote ya Afrika Mashariki zikapatikana chap chap.

Kampuni ilikuwa ya Kiingereza, tawi la Eastern Telegraph. Kufikia mwisho wa 1879 waya ulikuwa umelala chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, zaidi ya kilomita 3,000, kisha ukaendelea Msumbiji hadi Durban. Barghash aliwapa ruhusa ya kutua, na hata kisiwa cha Bawe, karibu na mji, akawaachia kwa kazi yao.

Sasa rudi kwa ile point ya deheni. Shida kubwa ya waya wa baharini si umeme, ni kuufunika. Shaba ikigusa maji ya chumvi, umeme unamwagika wote baharini na hakuna kinachofika. Dawa ilipatikana kwa miti ya Malaya na Borneo: utomvu unaoitwa gutaperka. Ukiweka kwa maji moto unalainika kama unga wa chapati, unaupaka kwa shaba, ukipoa unakaza na haupitishi umeme. Na chini ya bahari, kwenye giza, baridi na mgandamizo, hauozi miaka mingi. Juu ya hiyo gutaperka wanazungusha nyuzi za juti, halafu nyaya nene za chuma kama ngao, halafu wanapaka lami. Tabaka juu ya tabaka. Mwenye jahazi wa Lamu angeuangalia mara moja akaelewa ni nini wanajaribu kufanya.

Kwa hivyo cheki venye dunia ilikuwa imejipanga. Utomvu wa Afrika Mashariki ulikuwa unalinda magari ya matajiri wa Boston na London. Utomvu wa Asia ulikuwa unalinda siri za wafalme chini ya maji. Waliochimba na waliogema hawakuwa wanamiliki gari wala waya.

Na data ilisafirije? Kwa waya mrefu hivyo umeme unafika ukiwa dhaifu sana. Basi walitumia kijioo kidogo kilichoning'inizwa, kinachomulikwa na taa. Umeme ukija upande mmoja, nukta ya mwanga ukutani inaruka kushoto. Ukija upande wa pili, inaruka kulia. Kushoto ni alama moja, kulia ni nyingine, na karani anageuza hizo alama kuwa herufi. Alama mbili pekee, na kwa hizo mbili unaandika kitu chochote. Simu yako ya leo inafanya kazi kwa wazo hilo hilo, ni spidi tu imebadilika.

Hata hilo neno simu lilikuwa la waya kwanza. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni waya. Watu wa pwani waliitumia kwa telegramu kabla mtu yeyote huku asikie sauti ya mwingine kwa mashine.

SIZ ANARUDI NA MELI ZA KIVITA

Miaka mitano ya kwanza waya ulikuwa mtamu. Wafanyabiashara walijua bei ya karafuu na pembe kabla meli ifike. Sultani aliweza kuongea na dunia kwa siku moja.

Halafu akaja Karl Peters. Mwisho wa 1884 huyu Mjerumani alipita kisiri bara, Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, akiwekesha machifu alama kwa karatasi zenye hawakuweza kuzisoma. Februari 1885 Kaiser wa Ujerumani akazipa ulinzi wake rasmi. Barghash alipoletewa habari hiyo Aprili, hakungoja upepo. Alituma telegramu moja kwa moja kwa Kaiser, akapinga, akaeleza kwamba ardhi hizo ni za utawala wake tangu enzi za baba yake na hao machifu hawakuwa na uwezo wa kuzigawa.

Fikiria hiyo picha. Sultani wa Zanzibar anamtumia ujumbe mfalme wa Ujerumani, na unafika. Miaka kumi mapema hiyo ilikuwa ndoto. Kifaa kilifanya kazi yake sawasawa. Lakini kufikisha ujumbe si kusikizwa.

Wakati huo huo, kwa waya ule ule, kulikuwa na mazungumzo mengine. Kirk alikuwa rafiki wa Barghash kwa miaka. Alikuwa daktari aliyesafiri na Livingstone, mtaalamu wa mimea ambaye hata aliwaandikia wanasayansi wa London kuhusu msandarusi. Barghash alimtegemea kushinda washauri wake wengi. Lakini London ilihitaji Ujerumani iiunge mkono kwa mambo ya Misri, kwa hivyo Kirk alikuwa anapokea maagizo asiwazuie Wajerumani. Maagizo hayo yalipita kisiwani kwa Barghash na Barghash hakuweza kuyasoma. Kirk zamani angesema barua haijafika, akamsaidia rafiki yake kwanza halafu aulize baadaye. Waya ulimnyima hata hiyo nafasi.

Agosti 1885 jibu la Kaiser likafika, na halikuja kwa telegramu. Zilikuwa meli za kivita, mizinga imeelekezwa jumbani. Na kwenye meli moja ya huo msafara alikuwa Salme, yule siz wa barua za 1859. Alikuwa ametoroka miaka ya nyuma na mfanyabiashara wa Hamburg, akaolewa, akawa Emily Ruete, akabaki mjane na watoto. Alikuwa amekuja kudai urithi wake, na Wajerumani walimtumia kama karata yao. Barghash alikataa kumwona. Alikubali masharti ya Wajerumani siku chache baadaye.

Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani wakakubaliana wao kwa wao. Sultani akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi kwenda bara, na miji michache kaskazini. Kule ndani wakachora mstari kutoka mdomo wa mto Umba, ukazunguka Kilimanjaro, ukaenda hadi Ziwa Victoria. Huo mstari ndio leo mpaka wa Kenya na Tanzania. Yule aliyekuwa anadai ardhi hiyo aliletewa iliyokwisha kuamuliwa.

Barghash alikuwa tayari mgonjwa. Alienda Oman kutafuta nafuu, akarudi, na Machi 1888 akafariki akiwa na miaka kama hamsini na moja.

WAYA UNAONGEA TENA

Ungedhani stori imeishia hapo. Wapi. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani wa wakati huo, Hamad bin Thuwaini, alifariki ghafla. Khalid, mtoto wa Barghash, akaingia jumbani na watu wake na kujitangaza Sultani. Waingereza hawakumtaka. Mwakilishi wao akaenda kwa waya akauliza London kama ameruhusiwa kutumia mizinga. Siku iliyofuata jibu lilikuwa limerudi: ndiyo.

Kwa barua, hayo mazungumzo yangechukua zaidi ya mwezi. Pengine Khalid angezoeleka. Pengine wangepatana. Kwa waya, ilichukua siku moja. Asubuhi ya tarehe 27 mizinga ikaanza kama saa tatu, na baada ya dakika kama 38 vita vilikuwa vimeisha. Upande wa Zanzibar, karibu watu 500 walikuwa wameuawa ama kujeruhiwa. Ile meli Glasgow, fahari ya Barghash, ilizamishwa pale bandarini mbele ya jumba lake. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji miaka mingi, kila mgeni akiingia Zanzibar anaiona. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, akatoroshwa hadi Dar es Salaam, akakamatwa 1916, akapelekwa uhamishoni mbali, akaja kufia Mombasa 1927.

Baba aliukaribisha waya. Miaka kumi na saba baadaye, waya huo ndio ulibeba ruhusa ya kumpiga mizinga mwanawe.

SASA SISI JE?

Vitu vingi vya enzi ya Barghash vimepita. Sandarusi ilifukuzwa sokoni na vanishi za kiwandani. Gutaperka ilichukuliwa nafasi na plastiki. Jengo ambalo kampuni ya simu ilikuja kulijenga Shangani sasa ni hoteli ya Serena. Jumba la Maajabu lenyewe liliporomoka sehemu Desemba 2020 na kuua watu.

Lakini njia ya baharini ni ile ile. Mwaka wa 2009 nyaya mpya za faiba zilitua Mombasa. Ndani ni kioo chembamba kama unywele, mwanga ndio unabeba data, na juu yake ni tabaka juu ya tabaka: plastiki, chuma, plastiki tena. Bado vita ni vile vile vya kuzuia chumvi isiingie. Na bado tunasikia uchungu ukikatika. Mei 2024 nyaya mbili zilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikawa inakokota Kenya na Tanzania. Mtaani watu walizima na kuwasha ruta mara kumi, wakalaumu jamaa wa waifai bure.

Kuna kitu kimoja kilibadilika ingawa. Moja ya zile nyaya za 2009 inaitwa TEAMS, kutoka Fujairah, kule Emirates, hadi Mombasa. Kenya ilichoka kungoja mradi mwingine wenye nchi zilikuwa zinavutana nani atamiliki nini, ikaamua kuvuta wake. Sehemu kubwa yake, asilimia 85, ni ya serikali ya Kenya na kampuni za hapa. Huo waya ulipotua Juni 2009, ilikuwa miaka 130 tangu Barghash awape wageni ruhusa ya kutua Zanzibar.

Huyu mzee hakuwa mjinga wala mshamba. Alikuwa mbele ya watawala wengi wa wakati wake kwa kujua teknolojia gani inakuja. Alijua kuitumia, akaitumia vizuri. Kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa kudhani kwamba ukiwa na waya kwako, waya ni wako. Wakati mwingine ukiona jamaa amepanda nguzo pale Mbotela anavuta faiba mpya, usiulize bei pekee. Uliza pia ni ya nani.